Baba na Mtani Wake Mkorea

Neno la Kiingereza "insolent" nililijulia Masasi, kwenye baraza ya ofisi ya ghala la korosho, na aliyenionyesha ni mwanafunzi wangu mwenyewe. Alikuwa Mkorea. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na natafuta kazi ambayo haikuwepo, yeye alikuwa bosi wa ghala aliyehitaji mtu wa kumnyooshea Kiingereza chake na kumtafsiria Kiswahili cha wengine. Kila jioni mzani ukishafungwa tulikaa kwenye benchi, kitabu katikati yetu. Kilikuwa kitabu cha maneno ya Kiingereza kilichotungwa kwa ajili ya watu wa kwao: neno upande wa kushoto, kulia maelezo kwa maandishi yao, na chini yake picha ndogo. Siku ya neno lile picha ilikuwa ya kijana aliyeshika kiuno, mdomo wazi, mbele ya mzee aliyekaa. Uso wa mzee haukuchorwa vizuri lakini ulitisha.

Aliniuliza kama nalijua. Sikulijua, na sikutaka kukiri, maana niliajiriwa kwa kujua. Nikamwambia anieleze yeye kwanza, iwe mazoezi. Akaeleza polepole, kwa Kiingereza chake cha kukatakata, kwamba kwao maneno yana ngazi. Ukisema na baba yako, au na bosi, au na mtu aliyekuzidi umri hata kwa mwaka mmoja, unayapandisha. Ukisema na mtoto au na mbwa unayateremsha. Anayemteremshia mkubwa maneno ndiye huyu kwenye picha. Mtu wa namna hiyo, alisema, ni mbaya kuliko mwizi, kwa sababu mwizi huenda ana njaa. Akagonga ile picha kwa kidole mara kadhaa.

Niliitazama, kisha nikageuza shingo. Kule ghalani, umbali wa kutupa kokoto, baba yangu alikuwa anawatukana wapakiaji kwa sauti iliyofika barabarani.

Baba alikuwa nyapara wao. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha magunia yanashuka kwenye lori, yanapita mzanini, yanapangwa mpaka karibu na bati, na hakuna mtu anayelala nyuma ya mrundo. Wanyapara wengine niliowaona walitumia fimbo. Baba alitumia mdomo. Mpakiaji akisinzia, baba alimwuliza kama mama yake alimzaa au alimtapika. Akiwa Mngoni, alimkumbusha jinsi babu zake walivyokula panya njiani walipokuja kutuvamia. Mngoni naye alijibu, gunia liko begani, kwamba Wamakonde walikimbilia mlimani kwa woga na mpaka leo hawajui maji yana rangi gani. Watu wanacheka na mzigo unakwenda. Asiyetaniwa na baba tangu asubuhi alikuwa anapita kwa wenzake kuuliza, jamani, nimemkosea nini mzee?

Kwetu utani una sheria zake. Watu waliowahi kupigana, iwe kabila na kabila au ukoo na ukoo, wakishapatana wanakuwa watani, na mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuita jina lolote, kukuvua kofia, kuondoka na kuku wako mkononi ukimwona. Siku yake kubwa ni ya msiba. Anakuja kumsema marehemu hadharani, anakula chakula cha wafiwa, analala kwenye mkeka wao, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Kukosa mtani msibani ni aibu, ni kama kusema aliyekufa hakuwa na watu. Baba alikuwa anaitwa kwenye misiba kutoka Mnyambe mpaka Chiungutwa, na alikwenda hata akiwa na homa.

Sasa niseme kilichokuwa kinanitia hofu. Kabla ya kazi ile baba alikuwa kwenye ghala la ushirika. Ilipokuja miaka ya ruksa na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua korosho, ushirika ukapunguza watu, na yeye akapunguzwa. Tulirudi kwao Mkunya, juu Newala. Mama ni mtu wa Chiungutwa, amezaliwa na kisima nyuma ya nyumba. Kule Mkunya bomba lilikuwa limekufa zamani, na maji yalifuatwa bondeni, unateremka na ndoo tupu na kupanda na ndoo iliyojaa. Msimu wa pili mama alianguka kwenye mteremko ule. Alilala ndani muda mrefu, tukimlisha ming'oko, mizizi ya kuchimba porini, kwa kuwa unga haukuwepo, na aliposimama mguu wake wa kulia haukunyooka tena. Baba alipopata kazi kwenye ghala hili la wanunuzi binafsi tukateremka Masasi, kwenye chumba chenye bomba uani, mama alikaa kwenye ngazi ya mlango akasema, "Baba watoto, mie kule juu sirudi tena kwa miguu yangu. Ukipoteza na hii, utanipandisha nimelala."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi, na baba akajibu kwamba safari hii kazi imemganda kama kupe. Nilimwamini. Nilikuwa bado sijaliona lile neno.

Tatizo lilianza siku Mkorea alipofika. Alishuka kwenye gari, shati jeupe limepigwa pasi, akakanyaga maganda ya korosho yaliyomwagika mlangoni, akateleza na kukaa chini. Baba akasema, "Mwacheni, anapima sakafu." Wapakiaji wakapasuka kwa kicheko. Mkorea, hajui kilichosemwa, kaona watu wanacheka, naye akacheka, akaokota konzi ya maganda akamrushia baba kifuani. Nadhani alitaka tu aibu impite. Kwa baba ulikuwa mkataba. Mtu akikurushia kitu ukacheka, na yeye akacheka, mmeshamaliza.

Jioni ile alitangaza nyumbani kwamba amepata mtani. Nikamwambia mtu yule katoka mbali mno kuwa mtani wa yeyote hapa. Baba akanitazama kwa huruma, jinsi anavyotazamwa msomi aliyekosa hesabu rahisi.

"Babu yako alikwenda wapi vitani?"

"Bama, na jeshi la Mwingereza."

"Akapigana na nani?"

"Na Wajapani."

"Na huyu sura yake ya wapi?"

Nikamwambia huyu ni Mkorea, Wajapani ni watu wengine. Baba akasema Mmakonde wa Newala na Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma nao wana serikali mbili, lakini bibi yao mmoja. Walipigana, vita vikaisha, babu akarudi na koti na redio. Basi utani uko wazi, umekaa tu unangoja mtu wa kuuanza. Nilibishana mpaka mama akatuambia tule, chakula kinapoa.

Kilichonikera ni kwamba kwa hesabu zetu hakukosea hata kidogo. Na kwa hesabu za yule mwingine hakuna alichopatia.

Maana kwenye benchi nilikuwa nasikia upande wa pili. Siku moja kitabu kilitoa neno la kuchukuliwa kwa nguvu, na Mkorea akaniambia habari za baba yake. Wajapani waliitawala nchi yao. Baba yake alichukuliwa bado kijana akapelekwa Japani kuchimba makaa ya mawe, na huko akakatazwa hata lugha yake. Alirudi na kifua kibovu. Mpaka uzee wake, redio ikitaja Japani, alitoka chumbani. Mkorea alisema haya akiangalia barabara. Kisha akaniuliza kwa nini watu mjini wanamwita Mjapani, na kama naweza kuwaomba waache.

Niliwaomba. Nilimwomba baba kuliko wote. Nilimweleza habari ya makaa ya mawe, na akasikitika kweli, akatikisa kichwa, akasema pole yake. Halafu akasema mtani ndiye hasa wa kugusa pale panapouma, pakiguswa na mtu baki ndipo panaoza. Mkorea nilimweleza utani, jioni mbili nzima, kwa mifano. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akauliza: na bosi pia? Nikasema ndiyo, na bosi pia. Akauliza: na baba wa mtu? Nikasema hasa baba wa mtu. Akafunga kitabu kabla ya wakati wake. Nilisema kweli pande zote mbili, na kila upande ulinisikiliza kwa adabu na kubaki ulipo.

Nilipomfundisha shikamoo alifurahi kuliko siku nyingine zote. Kumbe na nyie mnayo, alisema. Kesho yake asubuhi alikwenda moja kwa moja ghalani, akasimama mbele ya baba, ambaye alimzidi umri, akainama mpaka nikaona utosi wake, akasema, "Shikamoo." Bosi amempa shikamoo nyapara wa makuli. Wapakiaji waliduwaa. Ingekuwa mtu mwingine angeitikia marahaba akabaki na sifa hiyo maisha yake yote. Baba akamwekea mkono kichwani, kama anayepima embe.

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umeamka mkavu, au mkeka umeanikwa?"

Watu waliangua kicheko hadi mwingine akaweka gunia chini. Mkorea akainuka, akanigeukia. Nikatafsiri jinsi ilivyo, na nikaongeza kwamba ndivyo mtani anavyopokea heshima. Alitabasamu kwa meno tu. Alirudi ofisini kwa mwendo ule ule aliokuja nao, na tangu siku hiyo hakuinama tena kwa mtu pale.

Nikaanza kuangalia wanaofukuzwa. Mkorea hakuwa mkali, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Lakini mlinzi mmoja alimpokea funguo kwa mkono wa kushoto huku anakula muhogo, na Jumatatu hakuwepo. Karani wa stoo alimjibu akiwa amekaa, miguu juu ya boksi, Jumatatu hakuwepo. Mwanamke mmoja wa kuchambua korosho alimwita "we Mjapani" akimwombea mwenzake ruhusa, na huyo naye akaondoka. Ilikuwa Jumatatu asubuhi kila mara, mbele ya mzani, watu wote wakiwa wamesimama. Alisema maneno machache kwa Kiingereza, na mimi niliyatafsiri: anasema kazi yako imekwisha, urudi nyumbani. Maneno yalikuwa hayo hayo kwa kila mtu. Nilianza kuziogopa Jumapili. Kanisani nilikuwa nasimama na kuketi na wenzangu bila kusikia kinachosomwa.

Mama aliniuliza siku moja, anachuja tui, mgongo kwangu, "Huyo bosi wenu, baba yako anamwacha bila kumtania?"

"Hamwachi."

Aliendelea kukamua nazi. Mguu wake mbovu alikuwa ameunyoosha pembeni, juu ya kigoda, kama mtoto aliyelazwa.

Habari ya kifo ililetwa na dereva kutoka Mtwara. Baba yake Mkorea alikuwa amefariki kule kwao na ameshazikwa. Mkorea hakuwahi mazishi, na hangewahi. Aliingia ndani ya nyumba yake iliyokuwa ubavuni mwa ofisi, akatoka amevaa nguo nyeusi, akaweka kimeza barazani. Juu ya kimeza aliweka picha ya mzee mwembamba, mbele yake bakuli la wali, na udi aliouagiza dukani kwa Mwarabu. Akapiga magoti akainama mpaka paji la uso likagusa sementi. Kisha akakaa kwenye mkeka, peke yake, hana ndugu, hana hata jirani wa kumlilia.

Watu walikwenda. Hilo naliandika kwa fahari. Waislamu kwa Wakristo, hata yule mlinzi aliyefukuzwa, walikuja na unga, kuku, maboga, wakakaa chini wakanyamaza naye. Wanawake walipika uani kwake bila kuulizwa. Nilimwona anafuta macho, nikafikiri pengine sasa ameshakuwa mtu wa hapa.

Nilikimbia nyumbani, maana baba sikumwona pale. Nilimkuta baba uani anavaa. Alikuwa amevaa gunia la korosho kama kanzu, sufuria kichwani kama kofia ya askari, kandambili za mama, ya kushoto mguu wa kulia. Nikajua moja kwa moja. Nilimshika mkono, kitu ambacho sijawahi kumfanyia kabla wala baada.

"Baba, nakuomba. Huyu nenda kampe pole tu, ukae."

"Nikakae kama nani? Kafiwa na baba. Hana mtu hapa. Mtani wake ni mie peke yangu, na mie nisiende?"

"Atakufukuza kazi."

"Mwanangu," akasema, na alikuwa ananionea huruma kweli, "mtu humfukuzi aliyekuja kukuzikia."

Mama alitoka mlangoni akachechemea mpaka katikati ya ua. Alimtazama baba juu mpaka chini. Nilitegemea amzuie. Akainama, taratibu kwa ajili ya mguu, akamgeuzia kandambili zile zaidi, kisigino mbele, kwa kuwa hata yeye hakuweza kuvumilia mtani aende msibani hajakamilika. Nilimchukia kidogo kwa hilo siku ile.

Baba aliingia barazani kwa mwendo wa gwaride. Wanawake uani walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Alisimama mbele ya ile picha, akapiga saluti kwa mkono wa kushoto.

"Kumbe ndiyo umekufa, we Mjapani. Baba yangu kakutafuta Bama nzima kukurudishia kandambili zako ulizoacha ukikimbia. Hizi hapa, nimezileta. Umeona miguu yako ilivyoelekea? Ndiyo maana ulikuwa unakimbia unarudi ulikotoka."

Watu wanacheka, wengine wameshika mbavu. Baba akajitupa kwenye mkeka chini ya picha, akalia kilio kikubwa cha uongo, akaamka, akalichukua lile bakuli la wali na kuanza kula kwa mkono. "Na umenichotea kidogo," aliiambia picha. "Bahili mpaka kaburini."

Mkorea alisimama. Alikuwa mweupe kama unga. Aliniuliza kwa sauti ya chini anasema nini. Maneno mawili alikuwa ameshayadaka mwenyewe, Mjapani na baba, kwa hiyo hapakuwa na cha kuficha. Nikamweleza yote, na kwamba baba amekuja kumfanyia jambo kubwa kuliko unga na maboga yote yaliyoletwa. Aliingia ndani. Aliporudi alikuwa na kitabu. Alikifungua mbele yangu, pale pale kwenye picha ya kijana na mzee, akaweka kidole juu ya neno.

"Ni hili?"

"Hapana," nikasema. "Ni kinyume chake."

Akaangalia kitabu, akamwangalia baba anayelamba vidole mbele ya picha ya baba yake. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama kwenye benchi, kinyume chake kinaitwaje. Nikamwambia kwa Kiingereza: heshima. Akafunga kitabu, akakiweka kwapani, akakaa kwenye mkeka wake. Baba alimaliza wali akarudisha bakuli tupu mbele ya picha, akampiga bosi begani, na akaenda zake ametosheka. Njiani aliniambia mtani wake kavumilia kiume, ila kutania bado hajui.

Jumatatu ikafika.

Tulisimama mbele ya mzani. Mkorea alivaa tai, kitu ambacho hakuwahi kukivaa pale. Akamwita baba kwa jina lake kamili, akamsemesha Kiingereza taratibu ili nisikose hata neno. Alisema: mtu huyu ni insolent. Hilo neno alilitamka vizuri, nililinyoosha mwenyewe. Baba akanitazama, anangoja, jicho moja limeshaanza kucheka.

"Baba," nikasema, "anasema huna adabu. Anasema kazi yako imekwisha, urudi nyumbani."

Kwanza alitoa macho. Halafu kikatoka kicheko ambacho sijasikia mfano wake, kikampeleka nyuma mpaka akakaa juu ya magunia. "Kanipata," alisema, anafuta machozi. "Mtani kanipata. Kavaa na tai." Wapakiaji nao, waliokuwa wamebana pumzi, wakafunguka wote, wakapiga makofi, Mngoni mmoja akapiga hata kigelegele cha kike. Walikuwa wanampongeza bosi. Alikuwa amejibu mwishowe, tena kwa kishindo. Na Mkorea akabaki amesimama katikati ya kicheko kile, taya limekaza, na nikaona hata lile tone la mashaka aliloamka nalo, kama lilikuwepo, limekauka.

"Baba, ni kweli," nilisema.

"We tafsiri tu," akanijibu, bado anacheka. "Mambo ya watani hayakuhusu."

Alifanya kazi siku nzima, na hakuna aliyethubutu kumtoa, maana alikuwa anawachekesha. Kesho yake mlinzi mpya alimzuia getini. Baba akamsifu mtani wake kwa kuwekeza kiasi kile kwenye mchezo mmoja. Alikaa nje ya geti, chini ya ukuta, akiwapigia kelele wapakiaji kutoka huko, na walimjibu. Siku ya pili akaenda tena. Mama alimfungia chakula kama kawaida, lakini nilimkuta ameshusha ndoo kutoka juu ya kabati, zile za zamani, anakagua kama zinavuja.

Mimi nilikuwa kwenye uzio karibu na geti nikaona yalivyoisha. Gari la Mkorea lilikuwa linatoka. Baba akasimama katikati ya njia, akapiga ile saluti ya mkono wa kushoto. "We Mjapani," alisema, "nimekuletea na soksi za baba yako." Dereva akafunga breki. Kioo kikateremka polepole. Baba alikuwa ameshautega uso, tayari kwa tusi lolote litakalotoka mle. Mkorea akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Kioo kikapanda, gari likaondoka kuelekea mjini.

Baba alibaki pale mkono bado uko kichwani. Mtani hakupi shikamoo. Shikamoo ya namna ile, kavu, imenyooka, anapewa mzee usiyemjua unayempita njiani. Akateremsha mkono. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, akaja mpaka kwenye uzio nilipokuwa, na akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kumbe ulikuwa unatafsiri?"

Nikasema ndiyo, baba.

Tulipanda Mkunya kwenye lori la mbao, mama amekaa mbele na dereva kwa ajili ya mguu. Mimi nilibaki na benchi lile mwezi mmoja, nikashindwa, nikawafuata. Ndoo niliibeba mimi. Msimu uliofuata wanunuzi walishusha bei, halafu wakaacha kuja, na ghala likafungwa, kwa hiyo kazi ile ingekufa tu hata baba angekuwa bubu. Watu walimwambia hivyo kumfariji. Alichokuwa akijibu ni kwamba yule mtu kafiwa na baba, na hana hakika kama alimzikia vizuri.

Lile neno alilichukua. Alipanda nalo mlimani kama babu alivyorudi na koti. Mbuzi akiingia kwenye mihogo alikuwa "insolenti." Mjukuu asiyeamkia, insolenti. Hadithi ya Mkorea aliisimulia kwenye pombe ya uraka na kwenye misiba mpaka Mkunya nzima ikaijua, na kila alipofika kwenye kicheko cha mbele ya mzani alicheka tena yeye mwenyewe, vilevile, mpaka akae chini. Mbele ya hapo hakuendelea. Habari ya geti hakuisimulia hata mara moja.

Alipokufa, watani walikuja wengi mno. Jeneza lilikuwa limeshafika kaburini, padri amemaliza, kamba ziko tayari, mzee mmoja wa Kingoni aliyekuwa mpakiaji wake zamani akapenya katikati ya watu. Alikuwa amevaa tai juu ya kifua kitupu. Akainama mpaka chini, akasema maneno ya ovyo ovyo, chin-chan-chun, ambayo ndiyo yalikuwa Kikorea chake, akamalizia, "Insolenti!" Watu wakacheka kwa uchungu, mama akiwa kwenye kigoda naye akicheka, khanga imejaa machozi. Kisha yule mzee akageuka, akaninyooshea kidole.

"Mkalimani yuko wapi? Mwambie huyu mtu. Haelewi lugha yangu."

Wakanifungulia njia. Nilifika ukingoni, udongo mwekundu ukiporomoka chini ya viatu vyangu. Nilijua ninachotakiwa kusema.

"Baba," nikasema, "anasema kazi yako imekwisha, urudi nyumbani."

Nikasimama pale, nikamngoja acheke.